Wasomaji wapo, wanakesha kwenye makundi

Kila mwenye blogu hapa Zanzibar ana wimbo mmoja: Wazanzibari hawasomi. Anauimba simu ikiwa mkononi, na katika simu hiyo hiyo limo kundi la WhatsApp la mtaa wake, la skuli aliyosoma, la ukoo na la msikiti, na yote yamejaa maandishi. Tena si maandishi mafupi. Utakuta kisa cha ndoa chenye sehemu tisa, maelezo ya daktari asiyejulikana kuhusu sukari, waraka wa mtu anayedai shamba la babu yake, hotuba ya Bunge la Kenya iliyofasiriwa na sijui nani. Watu wanayasoma mpaka mwisho saa saba za usiku, na asubuhi kwenye kahawa wanaulizana, "Ile umeiona?"

Kwa hiyo malalamiko yenyewe si ya kweli. Kusoma kupo. Kilichokosekana ni sababu ya msomaji kutoka pale alipo, akabonyeza kiungo, akatumia bando lake kuja kwetu, halafu akarudi tena wiki ijayo bila kuitwa. Ukilitazama hivyo, swali la namna ya kuongeza wasomaji linaacha kuwa swali la mbinu za kutangaza na linakuwa swali la kilichomo ndani.

Fungua blogu tano za hapa siku yoyote ya kazi. Kiongozi amekata utepe, kiongozi mwengine amepokea ugeni, waziri amesisitiza mashirikiano. Picha ni zile zile nne, maelezo yaliyo chini ya picha ni yale yale, mpaka herufi iliyokosewa imekosewa pote, kwa sababu taarifa imetoka ofisi moja ya habari na kila mmoja ameibandika kama ilivyo. Jioni ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, wataisoma, kesho itakuwa kwenye gazeti la Zanzibar Leo. Anayeitaka keshaipata, na asiyeitaka hatavutiwa nayo kwa kuikuta mahali pa sita. Google nayo haina haja ya nakala zote hizo. Ikikuta kurasa nyingi zenye maneno yale yale, kwa kawaida huonyesha mmoja na kuziweka nyingine nyuma, na unaoonyeshwa ni nadra kuwa wa blogu ndogo ya Mwanakwerekwe.

Mtindo huu una asili yake, na asili hiyo haikuwa upuuzi. Muhidin Issa Michuzi alipofungua blogu yake mwaka 2005 alikuwa mpigapicha wa gazeti. Zama hizo picha ya tukio la leo ilisubiri gazeti la kesho, na Mtanzania aliyekuwa Ulaya au Marekani hata hilo gazeti la kesho hakuliona. Yeye akaipandisha picha siku ile ile, na watu wakamiminika kwa sababu alichokuwa nacho hakikuwepo kwengine. Waliomuiga baadaye waliiga picha na yale maneno mawili matatu ya chini, wakaiacha sababu. Leo ofisi iliyoandaa tukio inalirusha moja kwa moja kwenye Instagram na Facebook, tena kwa picha iliyo bora kuliko yetu. Blogu ya kubandika haina tena kazi ya kufanya, ila haijaambiwa.

Sitaki kuwaonea wenzangu. Kubandika taarifa ya serikali ni salama, na usalama si jambo la kuchekwa katika visiwa ambavyo mwandishi, anayeandikwa na ndugu wa anayeandikwa wanakutana sokoni Darajani siku moja. Wenye umri wanalikumbuka gazeti la Dira, lilivyogombaniwa na wasomaji na lilivyofungiwa mwaka 2003 kabla halijamaliza hata miaka miwili. Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, blogu ikatakiwa iwe na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na gharama za mwanzo pamoja na ada ya mwaka zikapita shilingi milioni 2. Kwa kijana aliyekuwa akiandika kwa mapenzi, akiwa na kompyuta ya kuazima, hiyo ilikuwa amri ya kufunga. Wengi walifunga kimya kimya wakahamia kwenye makundi. Anayefikiria kuanza leo aangalie kwanza masharti na ada zilizopo sasa, maana kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo.

Lakini hofu haielezi kila kitu. Yapo mambo tele yasiyomfikisha mtu polisi, yanayotafutwa na maelfu ya watu, na hakuna aliyekaa akayaandika vizuri kwa Kiswahili.

Chukua karafuu. Msimu ukiingia Pemba, kisiwa kizima kinahama. Skuli zinapungua wanafunzi, Wete na Chake Chake zinabadilika, mtu aliye Unguja anaomba likizo akachume. Mnunuzi halali ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Ungedhani basi kila kitu kinajulikana. Hakijulikani. Mkulima wa Konde anataka kujua kituo cha karibu kinafunguliwa lini, karafuu yake itapangwa daraja gani na kwa kigezo kipi, mvua ikimkuta na karafuu juu ya jamvi afanye nini isiote ukungu, mchumaji analipwaje mwaka huu huko Mtambile na huko Kangagani, makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, apeleke wapi na yanapokelewaje kwenye kiwanda cha mafuta cha Wawi. Haya yanajibiwa kwa mdomo, nusu kweli nusu uvumi, kila msimu upya, kana kwamba karafuu imeanza kupandwa juzi. Ukiandika katika Google kutafuta bei ya karafuu unaletewa habari ya waziri akiwahimiza wakulima waache magendo. (Najua, bei ya karafuu nayo ni siasa, muulize Mpemba yeyote. Lakini kueleza namna ya kuanika si siasa.)

Au chukua mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, na tangu mwanzo wengi wa wakulima wamekuwa wanawake. Kuna aina mbili zilizozoeleka, spinosamu na kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei nzuri zaidi, na ndiyo inayokufa kwenye maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyozidi joto. Wanasayansi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyo hapa hapa Zanzibar, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na kuandika juu yake, kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mwanamke wa Bwejuu hatayaona maishani mwake. Kazi ya kuyashusha maandishi hayo mpaka ufukweni, kwa lugha ya mwenye kamba na vigingi, bado sijaona mtu aliyeichukua. Atakayeichukua hatakuwa na mshindani, si wa hapa wala wa Nairobi. Nasikia pingamizi: mama wa mwani hasomi blogu. Pengine hasomi. Mwanawe aliye Kidato cha Nne anasoma, na anayo simu, na jioni ndiye anayemsomea.

Kuna eka tatu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iligawa ardhi, eka tatu kwa kila aliyepewa, na waliopewa wengi wamekwishafariki. Sasa wamebaki watoto wa wake watatu, wajukuu walioko Dar, mjukuu mmoja aliyejenga bila kuuliza, na mnunuzi anayetaka kujenga nyumba ya wageni. Nani mwenye haki? Karatasi gani inahitajika? Jambo liende kwa sheha, kwa Kadhi au Mahakama ya Ardhi? Makundi yamejaa majibu ya watu wasiojua. Mwanasheria kijana aliyetoka chuoni na hana wateja angeandika makala moja kwa mwezi juu ya mambo haya tu, kwa lugha inayoeleweka, bila kumtaja mtu wala kesi iliyopo mahakamani. Hapo ningemuonea mashaka kama angekosa wasomaji, na zaidi kama angekosa wateja.

Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ratiba za boti baina ya Unguja na Pemba upepo unapokuwa mkali, mikopo ya elimu ya juu, tarehe za kuripoti skuli: yote ni ya namna hiyo. Siyafafanui, mwenye macho anayaona.

Ninalolisema hapa lina siri ndani yake, na siri hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Mwandishi wa mtandaoni wa Zanzibar ana adui mmoja mkubwa kuliko uvivu wa msomaji, naye ni nakala. Unaandika usiku kucha, asubuhi mtu anakopi maandishi yote, anaondoa jina lako, anayabandika kwenye kundi, na watu mia tatu wanasoma kazi yako bila hata mmoja kufika kwako. Wengine wanapandwa na hasira, wanazuia kukopi kwa programu, wanaandika onyo kwa herufi kubwa nyekundu. Haisaidii. Mtu atapiga picha ya kioo cha simu. Dawa ni kuandika jambo ambalo nakala yake inachacha kama mchuzi wa juzi. Ukurasa wa vituo vya karafuu na bei zake, unaorekebishwa kila wiki ya msimu na wenye tarehe ya marekebisho juu kabisa, hauwezi kuibwa kwa maana yoyote ya maana. Atakayeukopi Jumatatu, Alkhamisi atakuwa anasambaza uongo, na watu watamuuliza, "Umeitoa wapi? Tupe kiungo chenyewe." Hapo kiungo kinaanza kusafiri badala ya maandishi. Na kiungo kiwe kile kile miaka yote. Usifungue ukurasa mpya kila msimu. Rekebisha wa zamani, ili anayeukumbuka aukute na Google iujue.

Hili ni tofauti na habari. Habari ya jana imekufa, na mwenye kuiandika lazima aamke tena leo akaitafute nyingine. Ukurasa wa namna ninayoisema unafanya kazi wakati mwenyewe amelala, mradi asiuache ukaoza.

Turudi kwenye WhatsApp, kwa sababu huko ndiko barabara ilipo, tupende tusipende. Kuna watu wanaofikiri kueneza makala ni kuitupa kwenye kila kundi walilomo. Kampuni yenyewe ilishaweka vizingiti: tangu Januari 2019 ujumbe unaweza kupelekwa kwenye mazungumzo 5 tu kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwishasambazwa mara nyingi unapelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mara moja. Kundi linaweza kuwa na watu 1,024, lakini kundi la ukubwa huo aghalabu limezimwa sauti na kila aliyemo. Kwa hiyo watu kumi wanaoamini kazi yako, kila mmoja akaipeleka kwa mkono wake katika kundi moja analoheshimiwa, wana nguvu kuliko wewe ukijitangaza katika makundi thelathini. Ami yake mtu akituma kiungo kwenye kundi la ukoo akasema "someni hii, ndiyo ile shida ya shamba letu," wote watafungua. Wewe usiyejulikana ukiingia na "Habari wapendwa, tembelea blogu yangu" utatolewa, na itakuwa haki.

Namna kiungo kinavyojitokeza ndani ya mazungumzo nayo ina uzito wake. WhatsApp huchukua kichwa cha habari, picha ndogo na mstari mmoja wa maelezo kutoka kwenye ukurasa. Blogu nyingi za hapa hazijapanga vitu hivyo, kwa hiyo kinachoonekana ni anwani ndefu yenye namba na alama, na mtu mwenye akili zake anadhani ni utapeli. Kulirekebisha ni kazi ya saa moja kwa mtu anayejua, na ni nadra saa moja kuleta faida kama hiyo.

Kuna ubishi wa zamani kama ujumbe unaoambatana na kiungo utoe jibu au uwe chambo. Watu wa Dar wamebobea kwenye chambo: "Hutaamini alichokifanya..." Kwa hapa kwetu naona chambo kinamuua mvuvi. Mji ni mdogo, ukimhadaa mtu mara moja anakukumbuka kwa jina. Toa jibu. Sema bei, sema tarehe, sema kituo kipi kimefungwa. Anayehitaji zaidi, yaani jedwali, ramani, maelezo ya hatua kwa hatua, atafungua. Asiyehitaji zaidi amekupa imani yake, nayo utaihitaji mwezi ujao. Na rekodi voisi ya dakika mbili tatu kwa ajili ya wasioona vizuri au wasiopenda kusoma. Ukiwa Mpemba sema Kipemba chako, usijitie utangazaji. Sauti ya mtu wa kwao mtu wa Micheweni anaisikiliza mpaka mwisho.

Wapo watakaosema wahamie moja kwa moja kwenye mitandao, blogu ya nini? Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na waliokuwa wameweka wasomaji wao wote huko waliamka hawana pa kuwaita. Facebook nayo ilitangaza Januari 2018 kwamba itawapa uzito zaidi marafiki na jamaa kuliko kurasa za vyombo vya habari, na kurasa nyingi zikakauka bila ya kosa la mtu yeyote. Nyumba ya kupanga ina mwenyewe. Tumia mitandao kama mlango, makala zenyewe zikae pahali penye jina lako.

Upande wa kutafutwa kwenye Google sina mengi, kwa sababu walioandika juu yake ni wengi kuliko wanaofanya. La msingi ni kichwa cha habari. Magazeti yametuzoesha vichwa kama "Wakulima wahimizwa kuongeza tija." Hakuna binadamu anayeketi akaandika maneno hayo kwenye kisanduku cha kutafutia. Anaandika "karafuu zinauzwaje pemba mwaka huu" au "mtoto wa nje ya ndoa anarithi eka". Kichwa kitaje kitu na mahali, kwa maneno ambayo mwenye shida angeyatumia. Google hutoa bure chombo kinachoitwa Search Console, kinachomwonyesha mwenye tovuti maneno ambayo watu wameyaandika kabla ya kumfikia. Sijui chombo chengine kinachofundisha kuandika kwa bei hiyo. Mara nyingine utakuta watu wamefika kwako wakitafuta jambo ulilolitaja kwa mstari mmoja tu katikati ya makala ya jambo jingine. Makala yako inayofuata umeshaoneshwa.

Na ukurasa uwe mwepesi. Ukurasa wa kawaida wa wavuti siku hizi unazidi megabaiti 2, picha ndizo zinazouzidisha, na msomaji wetu yuko kwenye daladala la Bububu na bando la siku. Google yenyewe inashauri kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Punguza picha, toa matangazo yanayoruka usoni, basi.

Kuna kishawishi cha kuacha yote haya na kuandika kwa Kiingereza kwa ajili ya watalii. Wamejaa, wana pesa, wanatafuta Nungwi na Forodhani kila siku. Naelewa. Lakini huko unashindana na kampuni za usafiri za dunia nzima zenye waandishi wa kulipwa, na tangu Mei 2024 Google ilipoanza huko Marekani kuweka jibu lililotungwa na akili mnemba juu ya viungo vyote, makala ya "fukwe kumi bora" imepoteza hata wale waliokuwa wakibonyeza. Maelezo ya jumla mashine inayo tayari. Isichokuwa nacho ni kile ambacho hakijaandikwa popote, na Kiswahili cha shamba bado kimejaa visivyoandikwa.

Kuna msomaji mmoja tunayemsahau, naye huenda ndiye bora kuliko wote. Yuko Maskati, Dubai, London, Toronto. Ana intaneti isiyokwisha, ana usiku mrefu, na ana kiu ya jina la kijiji chake. Andika historia ya kisima cha Kojani, au ukoo uliojenga msikiti fulani Tumbatu, au namna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi ya Makunduchi, unavyoandaliwa wiki moja kabla watalii hawajafika na kamera zao mwezi wa Julai, na utaona kinachotokea. Huyo hakopi maandishi. Anatuma kiungo kwa dada zake wote, halafu anakuandikia kukusahihisha jina la bibi yake. Masahihisho hayo ni mali. Yaingize ndani ya makala na umtaje kama ameridhia, na ukoo mzima utarudi kuangalia. Ramadhani huwa ni msimu wake, baina ya futari na tarawehe, na tena baada ya daku. Oman wako mbele yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo si vigumu kuwapatia.

Tumewahi kuona hapa hapa nguvu ya kumwimbia mtu habari zake mwenyewe. Kabla ya Siti binti Saad, taarabu ya kasri iliimbwa Kiarabu. Yeye, mzaliwa wa kijiji cha Fumba aliyekuja mjini akiuza vyungu, aliimba kwa Kiswahili, na aliimba mambo ya mji, mpaka yale yaliyotokea mahakamani na kila mtu katika mitaa ya Ng'ambo akayajua. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na zilinunuliwa pwani nzima. Kampuni iliyorekodi ilikuwa ya Waingereza na mitambo ilikuwa ya kigeni, lakini wateja walivutwa na jambo la karibu lililosemwa kwa ufundi. Naongeza kwamba ukaribu huo una bei. Anayeandika ya jirani ajue kuacha jina pale jina lisipohitajika, na ajue tofauti ya jambo la umma na aibu ya mtu. Blogu kadhaa zilizojengwa juu ya aibu za watu zilipata wasomaji wengi kweli, na zilidumu mpaka siku mwenye aibu alipopata wakili.

Linabaki suala la idadi. Sensa ya 2022 ilituhesabu Wazanzibari karibu milioni 1.9, na sehemu kubwa ni watoto, katika nchi ya watu milioni 61.7. Blogu ya hapa inayotaka kupimana na ya Dar kwa idadi ya waliotembelea imeshashindwa kabla haijaanza, na ndiyo maana wengine wanaishia kuandika juu ya Simba na Yanga, ambako wanashindwa mara ya pili. Kaunta kubwa ya pembeni mwa ukurasa inapendeza kwa mwenyewe tu. Ningetaka kujua vitu vingine: wangapi walirudi mwezi huu bila kuletwa na kundi, wangapi walisoma zaidi ya ukurasa mmoja, na nani alipiga simu. Mfanyabiashara wa majamvi na magunia hahitaji wasomaji laki moja wa Tanzania nzima. Anahitaji wakulima wa karafuu elfu mbili, wiki tatu kabla ya msimu, na atalipa vizuri kuliko senti za matangazo ya Google. Mwenye boti, mwenye skuli binafsi, mwenye kliniki ya Chake Chake, wote hesabu yao ni hiyo, ila hakuna aliyekwenda kuwaeleza akiwa na takwimu mkononi.

Kinachoziua blogu nzuri za hapa, zile chache zilizowahi kuwepo, kwa kawaida si kukosa wasomaji. Ni mwenyewe kupata ajira. Kijana anaandika vizuri miaka miwili, anaonekana, anaitwa wizarani au kwenye shirika, na tangu siku hiyo ukurasa wa mwisho unabaki kuwa wa mwisho, mpaka ada ya jina la tovuti isipolipwa na kila kitu kikatoweka. Watu waliozoea kuja wanakuta tangazo la kamari. Kwa hiyo kwa jambo linalohitaji kuangaliwa kila wiki sishauri mtu mmoja. Mmoja awe Wete anayekwenda vituoni kwa miguu yake, mmoja awe mjini Unguja anayeweza kuingia ofisini akauliza, na mmoja awe nje, Maskati au kokote, mwenye kulipia jina na kuhifadhi nakala za kila kitu. Wakubaliane tangu mwanzo kwa maandishi nani anamiliki nini, na akiajiriwa mmoja nani anachukua funguo.